Nani Alinunua Lile Shamba?

Watu wameniuliza kwa nini siku hizi sifundishi tena darasa la kipaimara, kazi niliyoifanya kwa kujitolea tangu nilipostaafu mwaka 2008. Wengine hawakuuliza, walikwisha kujua, au walidhani wamejua. Imesemwa kwamba uzee umenichosha. Imesemwa pia, na hili nililisikia kwa masikio yangu nikiwa upande wa pili wa ua wa makuti, kwamba Mwalimu amesoma mno hata imani imemtoka. Basi nieleze mwenyewe jambo lilivyokuwa, kisha nitoe hoja yangu, na msomaji aamue.

Ilikuwa mwaka 2017, msibani. Mwalimu mwenzangu, rafiki wa zaidi ya miaka arobaini, alikuwa amefariki, nasi tulikuwa katika siku ya pili ya matanga. Jioni, baada ya chakula, alisimama mhubiri mmoja mgeni, kijana mwenye sauti nzuri na tai nyekundu. Mwanzoni alihubiri vema. Alimsifu marehemu, akawafariji wafiwa, akamwombea mjane. Kisha akaingia katika habari za wasomi wa leo wasioamini, akasema kwamba Biblia haina tofauti hata moja ndani yake, si ya neno wala ya nukta, na ye yote atakayemwonyesha mahali pawili panapopingana, yeye ataivua tai ile papo hapo na kuacha kuhubiri.

Mpwa wa marehemu alinyosha mkono. Huyu ni kijana wa miaka thelathini na ushee, afanyaye kazi katika maabara ya hospitali moja huko Dar es Salaam. Aliwaomba radhi wazee kwanza, kisha akauliza: "Mhubiri, lile shamba la damu alilinunua nani?"

Msomaji anayezijua Injili ameshaelewa. Katika Mathayo, sura ya 27, Yuda anazitupa fedha hekaluni na kwenda kujinyonga, na makuhani ndio wanaozichukua fedha zile na kununua shamba la mfinyanzi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, Yuda mwenyewe ndiye aliyelipata shamba kwa ujira wake, na humo akaanguka, akapasuka tumbo. Mhubiri alijibu haraka kwamba Yuda alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka. Ni jibu la zamani; hata mimi nimewahi kulitoa.

"Kamba nimeikubali," kijana akasema. "Mimi nimeuliza shamba."

Watu walicheka, na pale palikuwa msibani! Lakini usiwalaumu. Huku kwetu kesi za mipaka ya mashamba ndizo zinazojaza mabaraza ya ardhi, na hakuna bibi wala babu asiyejua kwamba swali la nani alinunua ndilo swali lenyewe. Mhubiri aliona amezidiwa. Akasema kijana ana roho ya ubishi iliyoletwa na elimu ya dunia, akawataka watu wasimame wamkemee pepo huyo. Wachache walisimama. Wengi walinigeukia mimi niliyekaa mkekani karibu na mlango. "Mwalimu," mmoja akasema, "hebu mjibu huyu mtoto!"

Nilisimama. Nilisema, na maneno yenyewe nayakumbuka kwa sababu nimelazimika kuyarudia mbele ya watu wengi tangu siku ile: "Kijana amesoma sawasawa. Mathayo anasema makuhani, Matendo yanasema Yuda. Nimekisoma kitabu hiki tangu utotoni, na sijapata jibu la jambo hilo linaloniridhisha. Na bado naamini." Nikakaa.

Baada ya wiki mbili walikuja nyumbani wazee wawili wa kanisa. Walikuja kwa heshima, walikunywa chai, waliuliza hali ya mguu wangu. Kisha wakasema wameona nipumzike kufundisha, maana wazazi wana wasiwasi. Sitawataja wao wala kanisa lenyewe. Ni watu wema na nitazikwa nao. Lakini nilipowauliza kama nilichosema ni uongo, mkubwa wao alisema: "Si uongo, Mwalimu. Ila si kila kweli ya kusemwa mbele ya watu."

Neno hilo ndilo ninalobishana nalo hapa.

Kabla ya kuwakosoa wengine, nilipe deni langu. Mwaka 1979 nilikuwa mkufunzi wa Historia katika chuo cha ualimu. Asubuhi nilifundisha somo langu, na jioni, mara moja kwa wiki, nilisimamia kipindi cha dini cha wanachuo Waanglikana. Mwaka uliotangulia, 1978, kikosi cha Mary Leakey kilikuwa kimefukua zile nyayo za Laetoli zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, na sisi walimu wa Historia tulikuwa na furaha kama kwamba ni nyayo za baba zetu wenyewe. Niliwafundisha habari hiyo pamoja na ile ya fuvu la Zinjanthropus, alilolipata mama huyo huyo kule Olduvai mwaka 1959. Jioni ya siku ile, katika kipindi cha dini, tulikuwa Mwanzo sura ya 2.

Mwanachuo mmoja, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, alisimama. "Ndugu Mkufunzi," akasema, "asubuhi umetufundisha Zinjanthropus, miaka milioni moja na robo tatu. Jioni hii unatufundisha Adamu. Naomba kujua, Adamu alikuwa kabla yake au baada yake? Nitakapofundisha mtoto akiniuliza nimwambieje?"

Darasa lilicheka. Mimi niliona ninachekwa mimi. Nilifunga rejista kwa kishindo, nikamwamuru atoke nje, na mwisho wa muhula, katika nafasi ya maelezo ya tabia, niliandika kwamba ana majivuno. Siku hizo maelezo ya tabia yalikuwa mazito.

Na ubaya wake ni huu: jibu nililijua. Sikuwa mjinga. Nilikwisha kusoma kwamba Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya Mwanzo, na humo akawaonya Wakristo wenzake wasizungumze upuuzi juu ya mbingu na nchi na mwendo wa nyota mbele ya watu wasioamini wanaoyajua mambo hayo kwa akili na uzoefu. Alisema mtu wa nje akimsikia Mkristo anakosea katika jambo analolijua vizuri, hatamsadiki anapomweleza ufufuo wa wafu. Hayo yaliandikwa miaka 1,600 iliyopita, kabla ya darubini, kabla ya Darwin. Ningeweza kumwambia yule mwanachuo kwamba Mwanzo haikuandikwa ili itujulishe umri wa mifupa, na kwamba si mimi niliyelibuni neno hilo baada ya kubanwa na Leakey. Wakristo walilisema wakati hakuna aliyekuwa akiwabana. Sikumwambia. Niliogopa darasa litaniona nimeyumba.

Nilikutana naye mwaka 1998, stendi ya Korogwe. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ana mvi kunizidi. Aliniamkia, akaninunulia soda. Nilipomkumbusha jambo lile alicheka akasema swali lenyewe amelisahau. "Ila rejista naikumbuka, Mwalimu. Ulivyoifunga." Nilimwuliza kama anasali. Alisema hapana, si kwa chuki na mtu, alizoea tu kutokwenda. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba radhi, basi likapiga honi. Miaka michache baadaye nilisikia amefariki na amekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia si kila kweli ya kusemwa mbele ya watu, namwuliza: je, uongo wa kusemwa mbele ya watu ni upi? Maana hapakai pengo. Usipomwambia kijana kweli juu ya kitabu chake atabaki na kile cha yule mwenye tai, kwamba hakuna tofauti hata ya nukta, na siku atakapoiona tofauti ya kwanza, ataitupa Biblia na tai pamoja. Nimeona vijana wengi wakiondoka namna hiyo. Hawakushindwa na hoja za wasioamini. Waligundua kwamba tuliwaficha, na mtu aliyefichwa moja huhesabu yote kuwa yamefichwa.

Nawaomba watetezi wa namna hii wakisome tena kitabu cha Ayubu, lakini safari hii wawatazame wale rafiki zake. Elifazi, Bildadi na Sofari ni watetezi wa Mungu. Hawasemi neno moja baya juu yake. Kila Ayubu anapolia kwamba ameonewa, wao wanalo jibu. Katika sura ya 13 Ayubu anawauliza waziwazi kama wanaona ni halali kumsemea Mungu uongo. Na kitabu kinapokwisha, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia nani? Anawakasirikia watetezi wake. Anasema aliyenena sawasawa juu yake ni Ayubu, yule mlalamikaji, na wao waende wakaombewe naye. Nimesikia mahubiri mengi juu ya subira ya Ayubu. Juu ya hukumu ya rafiki zake nimesikia moja tu, na mhubiri alikuwa mimi.

Wala sisi wenyewe hatujaanza jana. Wenye umri wangu wanaikumbuka mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 80 na 90, Wakristo na Waislamu wakipokezana vipaza sauti kuonyeshana makosa katika vitabu. Nilikwenda mara kadhaa na jirani yangu, Mwislamu, mtu wa swala tano. Tulikwenda tukizungumza bei ya mahindi na kurudi tumenyamaza. Sikumwona mtu ye yote pale aliyeuliza swali ili ajue. Kila aliyeuliza alikuwa na jibu mfukoni na watu wake nyuma yake wa kumpigia makofi. Tulifundisha kizazi kizima kwamba maandiko ni fimbo, halafu tunashangaa kizazi hicho kinapotugeuzia ncha yake.

Sasa msomaji asidhani kwamba kwa kuyasema haya nimehamia upande wa wasioamini. Nao nina ugomvi nao, na si mdogo.

Yule kijana wa maabara alinifuata nyumbani kesho yake, kabla ya kurudi Dar es Salaam. Nadhani alikuja kunipongeza. Alinikuta barazani, akaniamkia, akakaa, na kabla chai haijaletwa akasema: "Mwalimu, kama makosa yapo, kwa nini usikiache tu kitabu chenyewe? Mashahidi wakipingana mahakamani, kesi hufutwa."

Nikamwambia kwamba nimeshakuwa hakimu, ingawa wa sufuria. Mwaka 1987, nikiwa makamu mkuu wa chuo, wanachuo waligoma kwa ajili ya maharage yaliyobunguliwa. Sinia lilirushwa, likampata mpishi begani. Nilidai maelezo ya maandishi kutoka kwa watu wanne waliokuwapo. Mmoja aliandika sinia lilitoka meza ya dirishani, mwingine ya mlangoni. Mmoja aliandika mpishi alikuwa amesimama, mwingine alikuwa ameinama. Je, nilihitimisha kwamba hapakuwa na sinia? Wala hata bodi ya chuo haikuhitimisha hivyo. Walakini wanachuo wa bweni moja walileta maelezo kumi na mawili yaliyofanana hata kwa nukta, nami nilijua mara moja kwamba waliyanakili kwa mtu mmoja.

Kijana alitabasamu. Ni msomaji huyu, si mropokaji. "Mwalimu," akasema, "wataalamu wengi wanasema Mathayo na Luka walikuwa na Marko mezani, wakanakili sehemu kubwa. Sasa wako wapi mashahidi wako wanne? Na jambo la pili: sinia kurushwa ni jambo la kila siku. Mtu kufufuka si la kila siku. Ushahidi unaotosha sinia hautoshi kaburi."

Nakiri nilikaa kimya mpaka chai ikapoa. La kwanza ni kweli. Ye yote aliyeziweka Injili tatu sambamba huona sentensi nzima nzima zinafanana. La pili ni hoja ya David Hume, Mskoti, aliyoichapisha mwaka 1748, na kijana aliifikia mwenyewe. Ni hoja nzuri. Sitamkemea pepo mtu aliyefikiri.

Nilimjibu hivi. Nimekubali kwamba mashahidi si wanne kamili. Lakini hata ukiziweka Injili zote kando, hutafika kwenye utupu. Mwandishi wa Kirumi Tacitus, asiyewapenda Wakristo hata chembe, aliandika karne ya pili ilipokuwa changa kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, na kwamba wafuasi wake waliteswa na Nero baada ya moto wa Roma wa mwaka 64. Paulo aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, miaka kama ishirini na mitano tu baada ya msalaba, akawataja watu waliosema wamemwona Yesu hai, na kusema wengi wao bado wapo. Miaka ishirini na mitano si hadithi za kale. Ninaposimulia ile soda ya Korogwe ya 1998 nasimulia jambo la mbali zaidi ya hapo, nami naweza kukuambia ilikuwa ya rangi gani. Kwamba watu wale walisadiki kweli walichokisema, na baadhi wakakifia, hilo naliona ni jambo la historia. Kwamba walichokisadiki kilitokea, hapo historia inaniachia mkono na ninavuka kwa imani. Sivuki nimefumba macho, lakini ninavuka. Anayesema ameuthibitisha ufufuo kwa hesabu ananidanganya, na anayesema ameukanusha kwa hesabu ananidanganya vile vile, maana alianza hesabu yake akiwa ameshaamua kwamba jibu haliwezi kuwa hilo.

Hatukumaliza siku ile. Amekuja tena kila apatapo likizo, na kila safari huja na jambo.

Mara moja alikuja na lile la kunakili: kwamba maandiko yamepita mikono mingi hata hakuna ajuaye yalisema nini mwanzoni. Hapo nilimweleza habari za Qumran. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waligundua magombo katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, na moja lilikuwa kitabu kizima cha Isaya, kikongwe kwa takriban miaka elfu moja kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa mpaka wakati huo. Walipolinganisha waliona tofauti nyingi ndogo ndogo, za tahajia na maneno, lakini kitabu kilikuwa kile kile. Miaka elfu ya makarani, kwa mkono na wino! Mimi nimewahi kusahihisha imla ya wanachuo arobaini walioandika neno lile lile dakika ile ile. Najua mkono wa mwanadamu unavyoweza kufanya.

Lakini sikuishia hapo, maana ningekuwa nimechagua sahani iliyo safi tu. Nilimwambia pia kwamba mistari kumi na miwili ya mwisho ya Marko haimo katika nakala mbili kuu za karne ya nne, na kwamba habari ya mwanamke aliyeletwa kupigwa mawe, katika Yohana sura ya 8, haimo katika nakala za kale zaidi tulizo nazo. Habari hiyo naipenda kuliko nyingi. Aliniuliza: "Kwa nini haya hatukuambiwa kwenye darasa la kipaimara?" Nilimfundisha mimi mwenyewe darasa hilo, akiwa na miaka kumi na minne.

Safari nyingine alikuja na lile ambalo vijana wengi wa leo wanalo mdomoni, kwamba Biblia ni kitabu cha mkoloni, kililetwa ili tufumbe macho wao wakichukua ardhi. Kwa hili sikuwa mpole. Kitabu kilichoandikwa Mashariki ya Kati, na Agano lake la Kale likatafsiriwa kwa Kigiriki kule Aleksandria, Misri, tangu kabla ya Kristo, kimekuwaje mali ya Mwingereza? Mfalme Ezana wa Aksum alibatizwa katika karne ya nne, wakati Uingereza yenyewe bado sehemu kubwa ilikuwa ikiabudu miungu mingine. Katika monasteri ya Abba Garima, huko Ethiopia, zimo Injili zilizoandikwa kwa Kigeez kwenye ngozi, ambazo kwa vipimo vya wataalamu ni miongoni mwa Injili za kale zaidi zenye picha zilizobaki duniani. Waliziandika na kuzitunza Waafrika, bila mkoloni.

Nikamweleza na hili, ambalo hakuwa amelisikia. Mwaka 1807, huko London, ilichapishwa Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa weusi wa visiwa vya Karibi. Humo sehemu kubwa kabisa ya Agano la Kale ilikatwa. Habari za Yusufu mtumwa mtiifu ziliachwa. Habari za Musa kuwatoa watumwa Misri ziliondolewa. Sasa nifikirie, kijana wangu: kama kitabu chenyewe ni minyororo, mabwana walikuwa na haja gani ya kushika mkasi? Walikisoma chote, wakaogopa.

Alifikiri sana. Kisha akasema: "Lakini waliobaki na kitabu kizima nao walikuwa na watumwa." Ni kweli, na sikuwa na la kuongeza. Walikuwapo pia wamisionari waliokula na wakoloni meza moja. Asiyeweza kuyataja hayo asimguse Ezana.

Nisije nikaonekana kama mtu ambaye imani yake yote iko katika magombo na miaka. Mwaka 1984 tulimzika binti yetu wa pili, akiwa na miaka minne, kwa malaria iliyompanda kichwani. Waliokuja kutufariji walisema Mungu amependa ua zuri akalichuma. Mke wangu, ambaye sasa naye hayupo, aliondoka akaenda jikoni kila waliposema hivyo. Usiku niliifungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio mwishoni hugeuka, mwandishi akashukuru. Hii haigeuki. Inaanza kwa kilio na inakwisha gizani, na neno lake la mwisho halina faraja yo yote. Nilijiuliza ni nani aliyeiacha humo. Makuhani waliokusanya zaburi walishindwaje kuongeza mstari mmoja tu wa shukrani, kwa heshima ya Mungu? Hawakuongeza. Waliiacha ilivyo, ikaimbwa hekaluni.

Hapo ndipo imani yangu juu ya kitabu hiki iliposhika, na haijaachia. Kinamwacha Petro akimkana Bwana wake mbele ya kijakazi, na Petro ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kinamwacha Daudi na mauaji yake. Kinawaweka wanawake kuwa wa kwanza kaburini, katika nchi ambayo ushahidi wa mwanamke haukuhesabiwa sana. Na kinawaacha Mathayo na Luka (maana Matendo ni ya Luka pia) wakitofautiana juu ya shamba, wala hakuna karani, katika karne zote hizo, aliyefaulu kupitisha mkono na kulainisha. Mtu anayetaka kudanganya hulainisha. Nimesoma maelezo ya wanachuo watoro miaka thelathini, najua.

Nilimwambia kijana hayo, pamoja na habari ya binti yangu, ambayo sikuwa nimemweleza mtu wa rika lake. Hakujibu kwa muda. Akasema: "Pole, Mwalimu." Kisha akasema kwa adabu kwamba kitabu kinaweza kuwa kweli katika kilio chake bila kuwa kweli katika habari zake. Nikamwambia atakapokuja tena tuanzie hapo.

Yeye bado haamini. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaotaraji mwishoni niseme amebatizwa upya na anaimba kwaya. Haimbi. Krismasi iliyopita alikuja na mkewe na mtoto, akaniletea miwani mpya ya kusomea, maana aliona nausogeza ukurasa mpaka puani. Tuko Luka sura ya 2, tumekwama kwenye sensa ya Kirenio, ambayo kwa hesabu za miaka inampa taabu kila anayejaribu kuipatanisha na kifo cha Herode. Yeye anafurahi sana tunapokwama. Mimi nimeagiza kitabu.

Wazee wangu wa kanisa, darasa la kipaimara mmelipa mtu mwingine, na nasikia anafundisha vizuri. Jumapili nakaa benchi la nyuma, karibu na dirisha. Ila mtoto wenu akiuliza jambo mkashindwa, msimkemee. Mleteni kwangu baada ya saa kumi, nikishaamka usingizi wa mchana. Chai ipo, na Biblia ziko tatu.